Gari la Maiti la Bure

Kijana wa hadithi hii hana jina, na si kwa sababu jina limefichwa. Ni vijana wengi waliokusanywa wakawa mmoja: walitoka Tabaka, wakapanda basi la usiku, wakakaa Nairobi miaka, kisha wakarudi. Anayemfahamu mmoja wao atadhani huyo ndiye anayesemwa. Na adhani.

Alizaliwa Tabaka, Mugirango Kusini, Kaunti ya Kisii, mahali ambapo jiwe laini analobeba mtalii ndani ya sanduku hadi Ulaya ndilo hilo hilo watoto wanalochorea ardhini. Baba yake alilichimba timboni kwa sururu na mtaimbo, akalikata kwa panga, akalichonga kwa kisu. Mama na dada zake walisugua kwa msasa ndani ya karai la maji mpaka bakuli na kiboko vikateleza mkononi. Mzee alikuwa na desturi moja asiyoiacha. Kabla ya kuchonga bonge lolote aliligonga kwa kisogo cha panga, akatega sikio. Jiwe zima hulia. Jiwe lenye ufa hutoa sauti butu, na ukilichonga litakuhadaa wiki nzima, kisha lipasuke siku ya kuliuza.

“Gonga kwanza,” alimwambia mwanawe. “Jiwe zuri kwa macho ndilo linalofilisi.”

Shamba halikuwa la kutegemea. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, zaidi ya 900 katika kila kilomita moja ya mraba. Babu aligawa kwa wanawe, baba akagawa sehemu yake kwa wanawe, na kilichomfikia kijana wetu kilitosha migomba michache na kaburi lake mwenyewe siku ikifika. Kwa hiyo riziki ilikuwa jiwe, na jiwe lilikuwa na mwenyewe: dalali.

Dalali huja Januari, shule zinapofunguliwa. Hasemi anakopesha, anasema anasaidia. Anatoa karo mkononi, palepale, bila karatasi, na mama mwenye nyumba anampikia chai kwa shukrani. Machi anarudi kuchukua vinyago kwa bei aliyoitaja yeye, siku ile ambayo mzee hakuwa na ubavu wa kubishana. Kijana alimwona baba yake akilipa fadhila ya muhula mmoja kwa vifaru vya miezi mitatu. Ndipo akaapa kwamba hatawekwa mfukoni na mtu. Mwaka 2014 akaondoka.

Alifikia Mukuru kwa Reuben, karibu na Mto Ngong, katika chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi. Siku za kazi alipanga foleni alfajiri kwenye mageti ya Viwandani kutafuta kibarua. Jumamosi alibeba vinyago vilivyoletwa na basi kutoka nyumbani, akavitandaza kwenye Soko la Wamasai. Aliyemkodisha chumba hakuwa na hati ya ardhi. Sehemu kubwa ya ardhi ya Mukuru iligawiwa watu binafsi na makampuni tangu miaka ya 1970 na 1980 kwa ajili ya viwanda ambavyo vingi havikujengwa, na mabati yakaota mahali pa viwanda. Maji aliyanunua kwa mtungi, na stima ilikuwa ya waya wa kuungaunga uliolipiwa kwa mtu asiyetoa risiti. Watafiti waliopima baadaye gharama hizo wakishirikiana na wakazi waligundua kwamba mtu wa Mukuru hulipia maji na umeme bei ya juu kuliko yule wa mitaa yenye mifereji na mita. Umaskini wa mjini una tozo yake, na mkusanyaji haonekani.

Mwaka wake wa pili jijini, binamu yake aligongwa akiwa kwenye pikipiki akafa. Hapo ndipo hadithi inapoanza hasa.

Mtu wa Kisii akifia Nairobi hurudishwa nyumbani. Kuzikwa kwenye makaburi ya Lang'ata kama asiye na watu ni aibu inayoifuata familia miaka na mikaka. Kutoka Nairobi hadi Tabaka ni zaidi ya kilomita 300, na kuna gharama za mochari, jeneza, gari na chakula cha waombolezaji. Ndugu walikaa jioni nne wakichangishana, na kila jioni daftari lilifungwa fedha zikiwa hazitoshi. Jioni ya tano akaja kijana aliyevaa fulana yenye picha ya mwanasiasa wa jiji. Akanong'ona na wazee, akapiga simu. Asubuhi gari la maiti lilikuwa mlangoni, na mafuta yamejazwa. Liliandikwa ubavuni jina la mheshimiwa kwa herufi zilizosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Juu ya jeneza kulikuwa na magunia mawili ya unga na blanketi.

Kijana alilia, na machozi yale hayakuwa ya msiba tu. Tangu aingie Nairobi hakuna mtu mkubwa aliyewahi kumwona. Kabla ya kurudi kutoka mazishini alikwisha kuapa kwamba mheshimiwa huyu ndiye mtu wake. Aliandikishwa kuwa mpiga kura wa Nairobi, akavaa fulana, akapiga firimbi kwenye misafara. Mwaka 2017 alirauka saa kumi usiku kupiga kura. Katika mambo mengine yote alijiita mgeni. Siku ya kura peke yake ndiyo aliyokuwa mwenyeji.

Hapa msimulizi asimame kidogo, kwa maana gari hili la maiti ni kongwe kuliko Nairobi.

Mwaka 1889, miaka kumi kabla reli ya Uganda haijafika kwenye kinamasi kilichokuja kuwa Nairobi, mwanamke aitwaye Jane Addams na mwenzake Ellen Gates Starr walifungua nyumba ya huduma Chicago, wakaiita Hull House. Ilikuwa katika Wadi ya 19, iliyojaa wahamiaji kutoka Italia, Ireland, Ujerumani, Urusi na kwingineko. Walifungua shule ya chekechea, maktaba na madarasa. Waliona takataka zikirundikana hadi vichochoro vikazibika, na mwaka 1895 Addams mwenyewe akateuliwa kuwa mkaguzi wa takataka wa wadi, akawa anafuata mikokoteni alfajiri. Mwaka huohuo watu wa Hull House walichapisha kitabu cha ramani kilichoonyesha, nyumba kwa nyumba, nani anaishi wapi, ametoka nchi gani na anapata mshahara kiasi gani.

Diwani wa wadi hiyo alikuwa Johnny Powers. Powers hakuwa na ramani. Alikuwa na jeneza. Alihudhuria matanga, akalipia mazishi, akatoa dhamana kwa mtoto wa mtu aliyekamatwa, akatafutia watu kazi za jiji, na Krismasi akagawa mabata mzinga kwa tani. Fedha za ukarimu huo zilitoka upande wa pili, kwa makampuni yaliyotaka vibali vya reli za mjini kwa bei ya kutupa. Yaani mkazi alipewa bata mzinga kwa fedha zilizopatikana kwa kuuza barabara yake mwenyewe. Addams na wenzake walijaribu mara kadhaa kumng'oa miaka ya 1890. Walishindwa, na Powers akaendelea na udiwani wake miaka mingi.

Addams hakuwatukana wapiga kura. Alijiuliza kwa nini walimpenda Powers, na jibu lilimrudia yeye. Alisimulia hadharani kisa cha mtoto mchanga aliyetelekezwa kwenye kituo chao akafa. Hull House iliona ni sawa mtoto azikwe na serikali, kwa kuwa hakuwa na mtu. Majirani walipopata habari walishtuka, wakachangishana ili mtoto azikwe kwa heshima. Alikiri kwamba hakuna jambo walilowahi kufanya lililowaudhi majirani kuliko lile. Mwanamageuzi aliyejua idadi ya vyumba na vyoo vya wadi nzima hakujua thamani ya mazishi. Powers aliijua.

Mtu wa Tabaka akisoma kisa hicho hahitaji kuelezwa. Na mtu wa Nairobi hahitaji kwenda Chicago. Mwaka 2015 seneta wa Nairobi wakati huo, Mike Sonko, alianzisha kikosi chake cha uokoaji, chenye ambulansi, magari ya kuzimia moto, malori ya maji na magari ya maiti, bure kwa mwananchi wa kawaida. Hizo zote ni kazi ambazo jiji hulipwa kodi lizifanye. Watu hawakuuliza kwa nini gari la zimamoto la jiji halifiki. Walishukuru kwamba la seneta limefika. Mwaka 2017 walimchagua kuwa gavana, mwenye jukumu la magari yenyewe ya jiji. Februari 2020 alitia saini kuikabidhi serikali kuu kazi muhimu za kaunti, na Desemba mwaka huo Seneti ikamwondoa madarakani.

Kosa la kijana wetu halikuwa kupokea gari. Maiti ilikuwa imelala mochari na bili inapanda. Ni nani angekataa? Kosa lilikuwa kufanya hesabu ileile ya chai ya Januari: kudhani kwamba kilichotolewa bila karatasi hakidaiwi.

Sasa turudi Mukuru. Mwaka 2017, mwaka uleule wa kura, mwezi Agosti, Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la upangaji. Tangazo hilo halikuanguka kutoka mbinguni. Nyuma yake kulikuwa na Muungano wa Wanavijiji, umoja wa wakazi wa mitaa ya mabanda ulioanza 1996, baada ya miaka ya kubomolewa. Wakazi walijihesabu wenyewe kwa madaftari, wakachora ramani za vichochoro vyao, wakaanika majina ya waliogawiwa ardhi wasiyoiendeleza, wakaenda mahakamani. Kaya zilizohusika zilikaribia 100,000. Ili sauti zote zisikike, nyumba zilipangwa kumi kumi. Kila kumi wakae, wajadili njia, choo na maji, kisha watume mtu mbele.

Mama aliyeuza mboga mlango wa pili alikuja kumbishia hodi.

“Wewe wa mawe, kesho jioni tunakaa sisi kumi wa huku. Njoo uandikwe.”

“Niandikwe nini, mama? Mimi ni mpangaji tu. Kwetu ni Tabaka.”

“Na mimi kwetu ni Mwingi. Kwani choo tunachopangia foleni asubuhi kiko Mwingi?”

Kijana akacheka. “Mama, hao watu wa miradi nawajua. Kibera walihesabu, wakajenga, na wenye nyumba leo ni kina nani? Nikipata shida nina mtu wangu wa kumpigia.”

Tumtendee haki: kuhusu miradi hakuwa amekosea sana. Mwaka 1975 jiji na Benki ya Dunia walianza kugawa ploti 6,000 Dandora, zenye maji na choo, ili maskini ajijengee. Wengi waliogawiwa walijenga vyumba vya kupangisha, na maskini akawa mpangaji wa mradi uliobuniwa kwa ajili yake. Soweto Mashariki, Kibera, wakazi walihamishiwa kwa muda kwenye maghorofa ya Lang'ata Septemba 2009, wakisubiri nyumba zao. Nyumba 822 zilikabidhiwa Julai 2016. Miaka saba ya kusubiri ni mingi kwa mtu wa kibarua, na baadhi waliozipata waliona heri wapangishe vyumba ili walipe gharama zake. Hata Hull House ilifungua jiko la umma, likapika chakula kilichopimwa kisayansi, chenye nguvu na cha bei nafuu, na majirani wahamiaji wakakipita. Hakuna aliyewauliza wanapenda kula nini.

Na kuhesabu kwenyewe kulikuwa kumekosewa pia. Miaka mingi mashirika yaliuambia ulimwengu kwamba Kibera ina watu milioni moja. Sensa ya 2009 ilipata 170,070. Hata kama wapo walioachwa nje ya hesabu, pengo hilo si la makosa ya kalamu. Idadi kubwa ilivutia wafadhili, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haraka ya kuhakikisha. Mtu wa kwenye banda alikuwa hoja katika maombi ya fedha, hakuwa jina.

Kwa hiyo kijana alikuwa na haki ya kushuku. Lakini tazameni alichofanya: aliligonga jiwe la mwanamageuzi akasikia ufa, akalitupa. La mheshimiwa hakuligonga kabisa, kwa kuwa lilikuwa limeng'arishwa vizuri. Wala hakutambua kwamba mkutano wa mama mboga haukuwa wa mwanamageuzi yeyote. Ulikuwa wa majirani zake.

Kilichomfunga zaidi ni lile neno lake, kwamba kwetu ni Tabaka. Hakulibuni yeye. Nairobi ilijengwa juu yake. Serikali ya kikoloni iliona Mwafrika mjini ni mkono wa kazi wa kupita, ambao makao yake ni hifadhi ya kikabila. Kuanzia 1920 kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka kumi na sita alitakiwa kutembea na kipande, cheti cha kumtambulisha, ionekane ni nani anayemwajiri na lini ametoka kazini. Waliojenga vijiji vyao jijini waliambiwa wahamie Pumwani, iliyopangwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Pangani, kijiji cha Waislamu, wafanyabiashara na wanawake waliojijengea nyumba zao wakapangisha, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na baadhi ya watu wake wakapelekwa Shauri Moyo. Waliokuwa wenye nyumba Pangani walitoka wakiwa wapangaji wa baraza la mji. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, makumi ya maelfu ya Wakikuyu, Wameru na Waembu walikamatwa jijini, wengi wakapelekwa vizuizini au wakarudishwa walikotoka. Bendera ilibadilika, zoezi likabaki. Mei 1990 askari wa jiji na tingatinga walivunja mabanda ya Muoroto, karibu na stesheni ya mabasi ya mashambani, na wachungaji wa makanisa waliolaani walijibiwa kwamba wanaingilia siasa.

Mji uliwaambia watu miaka mia moja kwamba ni wageni. Jambo la kusikitisha kuliko tingatinga ni kwamba wengi waliamini. Mgeni hadai choo, hachagui kamati wala haulizi mkataba. Huvumilia, kwa sababu ataondoka. Na kwa jinsi hiyo kijana wetu alivumilia mwaka wa kwanza, wa tatu, wa saba, akingoja kuondoka.

Machi 2020 korona ilifunga anga. Watalii hawakuja, Soko la Wamasai likafungwa, na vinyago vikarundikana chini ya kitanda. Mwaka huo ndio barabara, mabomba na hospitali zilipoanza kuingia Mukuru kwa mkono wa Huduma za Jiji la Nairobi, chombo kilichopokea kazi zile za kaunti kikiongozwa na Meja Jenerali Mohammed Badi, na nyingi zilifuata mistari ambayo wakazi walikwisha kuichora. Kazi za mikono zilitolewa kwa vijana. Kijana alizisikia baada ya majina kujaa.

Isidhaniwe kwamba ramani ni ngome. Novemba 2021 tingatinga ziliingia Mukuru kwa Njenga kufungua barabara, na maelfu ya watu wakalala nje, pamoja na kwamba Mukuru lilikuwa eneo maalumu la upangaji. Karatasi haizuii chuma. Kinachofanywa na karatasi ni kingine: inabaki baada ya chuma kupita, na inasema hapa alikuwa nani.

Siku ya kijana ilifika Aprili 2024. Mvua ilinyesha siku mfululizo, mito ya Nairobi ikapanda, Mathare na Mukuru zikazama. Maji ya Mto Ngong yaliingia chumbani usiku, yakabeba godoro, yakaacha vinyago, maana jiwe halielei. Kabla matope hayajakauka serikali iliamuru walio karibu na mito wahame, na tingatinga zikaja kumalizia kazi ya mto. Alipiga ile namba ya mtu wake. Haikupatikana. Akaenda ofisini kwa mheshimiwa, akakuta ofisi imehama, na kijana mwingine wa fulana nyingine akamwambia aache jina.

Serikali ilitangaza shilingi 10,000 kwa kila familia iliyoathirika. Fedha hugawiwa kwa orodha, na orodha hutoka kwa wanaojuana. Mama mboga na wenzake tisa walikwenda pamoja kwa chifu, daftari mkononi, kila mmoja akimthibitisha mwenziwe. Kijana alisimama kwenye foleni peke yake. Aliulizwa nani anamfahamu. Alitaja jina la mheshimiwa.

“Huyo tunamjua sote,” karani alimwambia. “Nauliza, wewe ni nani anakujua?”

Miaka kumi jijini ikaishia kwenye swali hilo. Mama mboga alimwona, akamhurumia, akasema anamfahamu kwa sura ila hakuwahi kukaa naye. Alikuwa mkweli. Kijana alipanda basi na gunia la vinyago. Mwaka uliofuata, Mei 2025, Rais William Ruto alipokabidhi awamu ya kwanza ya nyumba mpya za Mukuru, kijana aliona habari kwenye simu ya mtu, akiwa timboni Tabaka, anachimba jiwe la kumlipa dalali aliyemkopesha nauli.

Baba yake, mzee sasa, hakumlaumu. Alimuuliza jambo moja tu: “Yule mwenye gari, ulimgonga?”

Yako mafunzo matatu hapa, na kila moja lina mwenyewe.

La kwanza ni la wanasiasa, walioko na wajao. Gari la maiti la bure ni huruma kweli siku ya kwanza. Likiendelea mwaka wa pili na wa tatu huku ambulansi ya jiji haina mafuta, ni ushahidi dhidi ya mwenye gari. Kiongozi apimwe kwa kile ambacho mwananchi anaweza kukidai hata kama hampendi: bomba, njia, choo, zahanati, hati. Kinachopatikana kwa kumpigia simu mtu ni chake, si chetu.

La pili ni la wanamageuzi na wafadhili. Anayetaka kumsaidia mhamiaji aanze na anachokililia. Hull House ilijifunza kwa jeneza la mtoto. Nairobi inao mfano wa karibu zaidi. Mwaka 1973 padre wa Kiholanzi, Arnold Grol, alianza kukaa na watoto wa mitaani, wale walioitwa watoto wa maegesho, na kazi hiyo ikawa Shirika la Undugu. Shirika hilo halikuishia kumnawisha mtoto uso. Mkono wake wa biashara uliuza ng'ambo kazi za mafundi wa Kenya, vinyago vya mawe vya Tabaka vikiwamo, kwa utaratibu wa bei inayokubaliwa. Tabaka kwenyewe vipo vikundi vya wachongaji vinavyouza pamoja, kitabu cha hesabu kikiwa wazi mezani. Mchongaji aliye ndani ya kikundi naye hupata shida ya karo Januari, lakini anayo meza ya kukopea ambapo na yeye ana kiti. Anayetaka kupunguza mabanda ya Mukuru asiisahau bei ya kiboko cha jiwe huko kilimani, kwa sababu basi la usiku hujazwa na bei hiyo.

La tatu ni lako, kijana unayefunga mkoba. Nenda, hakuna anayekuzuia. Ardhi haikutoshi na mikono unayo. Ila ukifika, usikae miaka kumi ukijiita mgeni. Juma la kwanza wajue walio mlango wa kulia na wa kushoto kwa majina. Mwezi wa kwanza uliza ni wapi majirani hukaa, uende, hata kama mjadala ni wa mtaro wa maji machafu. Andikwa. Kodi ukilipa, dai risiti. Jiunge na chama cha mazishi cha watu wa kwenu na ulipe kila mwezi, ili siku ya msiba ndugu yako asafirishwe kwa fedha zenu na si kwa kura zenu. Ukipewa msaada usiokuwa na jina lako popote, pokea kama una shida, shukuru, kisha kesho yake urudi kuuliza mfereji utafika lini.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Kijana wetu alikuwapo Mukuru usiku na mchana kwa miaka kumi. Lakini pale majina yalipoandikwa, hakuwapo.